Taa zote zinawaka lakini stata haizungushi injini: nianzie wapi kabla ya kununua kifaa kingine?

Mpita Sabaki aliandika:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu, naishi Malindi mtaa wa Maweni, na kila siku ya kazi navuka daraja la Sabaki kwenda kufundisha upande wa Mambrui. Gari langu ni dogo, la petroli, injini ya sisi (cc) 1500 na giaboksi ya otomatiki, na nimekuwa nalo kwa miaka sita bila ya kunisumbua sana.

Tangu mwanzo wa msimu wa kusi limeanza tabia ambayo siielewi. Nikizungusha ufunguo hatua ya kwanza, taa za dashibodi huwaka zote, redio hulia, honi hulia kwa nguvu na taa kubwa za mbele humulika ukuta kama kawaida. Nikizungusha ufunguo hadi mwisho ili nipige stata, husikika mlio mmoja tu wa "tak" kutoka chini ya boneti, kisha kimya. Injini haizunguki hata nusu mzunguko. Asubuhi, nikirudia mara nne au tano, mara nyingi huwaka. Mchana, baada ya gari kusimama juani kwenye uwanja wa shule, huweza kukataa kwa saa nzima.

Muuzaji mmoja wa vifaa aliniambia, bila ya kupima chochote, kwamba betri imekufa, nami nikanunua mpya miezi miwili iliyopita. Tatizo likapungua kwa siku tatu hivi, kisha likarudi vilevile. Sasa jirani ananishauri ninunue stata iliyotumika, na mwingine anasema swichi ya ufunguo ndiyo mbovu. Mshahara wa mwalimu hauruhusu kununua kwa kubahatisha. Naomba mnieleze: ikiwa umeme upo, na betri ni mpya, kwa nini stata isizunguke, na nianze kupima wapi?

Nimesahau jambo moja. Juzi jioni, baada ya kujaribu mara nyingi mfululizo, nilisikia harufu ya plastiki iliyopata moto, kama inatoka karibu na kebo ya gia. Sijui kama linahusiana.

Dereva wa Watamu aliandika:

Pole sana, dada. Kabla ya yote, weka gia kwenye N badala ya P, kanyaga breki, ujaribu tena. Gari la otomatiki lina swichi inayozuia stata isifanye kazi gia ikiwa kwenye D au R, na swichi hiyo ikichakaa huweza kukataa kwenye P ikakubali kwenye N. Pia sikiliza vizuri ule mlio unatoka wapi. Ukitoka kwenye sanduku la fyuzi, huenda ni rilei tu, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, inayoitika, na unaweza kuibadilisha kwa muda na rilei ya honi, mradi namba zilizoandikwa juu yake zifanane. Ukitoka chini kabisa kwenye injini, hiyo ni stata yenyewe imepokea amri ila haina nguvu ya kuitekeleza.

Tena usimruhusu mtu akusukumie gari ili liwake. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Fundi Mstaafu aliandika:

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa hapa Malindi, na tatizo lako nimeliona mara nyingi kiasi kwamba najizuia nisilitaje kabla hujapima. Lakini naomba kwanza uache kuzungusha ufunguo mara nyingi mfululizo. Hiyo harufu ya plastiki si jambo dogo, na nitaieleza.

Kosa linalowapotosha watu wengi, na baadhi ya mafundi wamo, ni kudhani kwamba taa zikiwaka basi umeme wa kutosha upo kila mahali. Taa za dashibodi na redio kwa pamoja huwa hazili hata ampea 5. Taa kubwa mbili za mbele, za wati 55 kila moja, hula karibu ampea 9. Stata ya injini kama yako hudai kati ya ampea 100 na 200 inapoizungusha injini, na katika ule mpigo wa kwanza, injini ikiwa bado imesimama, hudai zaidi ya hapo. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo hesabu hii haitakushinda: chukua ukinzani, yaani kizuizi cha umeme njiani, mdogo wa omu 0.02 uliojificha kwenye kiungo kimoja chenye kutu. Ampea 10 zikipita hapo hupotea volti 0.2 tu, na hakuna jicho litakaloona kwamba taa imefifia. Ampea 150 zikipita hapo hapo hupotea volti 3 nzima. Taa itakuwa shahidi wa kweli kuhusu njia yake yenyewe, lakini haiwezi kutoa ushahidi juu ya njia ya stata.

Tena njia hizo mbili huwa hazifanani. Fungua boneti utazame ncha hasi ya betri. Kwenye magari mengi madogo utaona nyaya mbili zinatoka hapo. Mmoja mwembamba hufungwa kwenye bodi karibu na betri, na huo ndio unaorudisha umeme wa taa, redio na honi. Mwingine mnene hushuka hadi kwenye giaboksi au kwenye injini yenyewe, na huo ndio unaorudisha umeme wa stata. Sisi mafundi huuita waya wa athi. Injini imekalia raba, haigusi bodi chuma kwa chuma, kwa hiyo waya huo mnene ukioza, taa zitang'aa kama kawaida ilhali stata haipati njia ya kurudishia umeme wake.

Hapo ndipo inapokuja harufu uliyoisikia. Umeme mkubwa ukizibiwa njia yake hupita popote penye chuma kinachounganisha injini na bodi, na mara nyingi chuma hicho ni kebo ya gia au kebo ya akselereta. Kebo hizo hazikutengenezwa kubeba ampea nyingi. Hupata moto, ganda lake la plastiki huyeyuka, na nimewahi kuona kebo iliyoganda kabisa ndani ya ganda lake. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako, nasema ni sababu ya kutojaribu tena kabla ya kupima.

Azima mita ya umeme na umtafute mtu wa kukuzungushia ufunguo. Vua pete na vikuku, vuta breki ya mkono, gia iwe P, na mikono na mtandio viwe mbali na mikanda na feni, kwa kuwa injini inaweza kuwaka ghafla. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kipimo cha 20.

Pima kwanza betri ikiwa imepumzika. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu tu, na ikiwa 12.0 au chini, hata usiendelee, ichaji kwanza. Kisha pima betri hiyo hiyo wakati mwenzako anapiga stata. Isishuke chini ya volti 9.6. Ikiporomoka hadi 7 au 6, betri ndiyo mgonjwa hata kama ni mpya.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokisubiri. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha risasi cha upande hasi wa betri, si kwenye kibano kilichokikamata, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ufunguo ukizungushwa, mita isionyeshe zaidi ya volti 0.3. Kinachoonyeshwa hapo ni volti zinazopotea njiani zikirudi. Fanya vivyo hivyo upande chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti kubwa ya stata inayopokea waya mnene. Hapo huvumiliwa hadi volti 0.5. Boliti hiyo ikiwa haifikiki kwa usalama, iache, usijitie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Vipimo hivyo vinne vikiwa vizuri na stata bado inasema "tak" tu, hapo nitakubaliana na jirani yako kwamba ubovu umo ndani ya stata: ama shaba za kugusana ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, zimelika, ama kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota yake zimekwisha. Hata hapo, mara nyingi hutengenezwa bila ya kununua stata nzima. Wapo watakaokwambia uigonge kwa spana ili iwake. Ikizunguka baada ya kugongwa, umejua tu kwamba kaboni au shaba zake zimechakaa, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo.

Andika namba utakazozipata, utuletee kama zilivyo.

Msafiri wa Mokowe aliandika:

Naomba niongeze neno kwa wengine watakaosoma hapa, kwa sababu "gari halitaki kuwaka" ni maneno yanayobeba maradhi mawili tofauti. Mwalimu anasema injini haizunguki. Mimi gari langu huliacha Mokowe, karibu na gati, ninapovuka kwenda Amu (Lamu) kwa siku kumi au wiki mbili, na mwaka jana nilirudi nikakuta lina umeme wote na injini inazunguka kwa nguvu, lakini haishiki moto. Nilipoteza siku nzima nikisafisha vichwa vya betri, kumbe stata ilikuwa nzima na sikuwa na haja ya kugusa upande huo.

Fundi aliyenisaidia aliniomba tu ninyamaze, nizungushe ufunguo hatua ya kwanza, nisikilize nyuma ya kiti. Pampu ya petroli hunguruma kidogo kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Yangu ilikuwa kimya. Panya walikuwa wameingia chini ya kiti cha nyuma wakatafuna waya wake. Kwa hiyo injini ikizunguka bila ya kuwaka, tazama petroli na cheche, na utazame pia kama taa ya kufuli ya kielektroniki ya ufunguo inapepesa kwenye dashibodi. Isipozunguka, fuata maelezo ya Mzee hapo juu.

Kuhusu kutu, mzee amenigusa. Hewa ya kwetu pwani ina chumvi usiku na mchana, na gari lililosimama karibu na maji huoza hata likiwa halitumiki. Mambrui nayo ni ufukweni. Mwalimu, uwanja wa shule uko umbali gani na bahari?

Mpita Sabaki aliandika:

Nawashukuru nyote, na hasa wewe Mzee wangu, shikamoo. Uwanja wa shule hauko mbali na ufuo, na kusi ikivuma vioo vya gari huwa na ukungu wa chumvi unaoweza kuuandika kwa kidole. Kwenye N nilijaribu, hali ni ile ile, na mlio unatoka chini kabisa, si kwenye sanduku la fyuzi.

Leo baada ya Alasiri nilimwomba jirani mwenye tuktuk aje na mita yake, na mwanangu mkubwa akashika ufunguo. Betri ikiwa imepumzika ilionyesha volti 12.6. Stata ilipopigwa ikashuka hadi 11.6, na kwenye kioo cha mita haikwenda chini ya hapo. Kutoka kichwa hasi cha betri hadi chuma cha injini mita ilionyesha volti 5.2. Tulidhani tumekosea, tukakwangua chuma mahali pengine kwa msasa na kupima tena, ikawa 5.2 vilevile. Upande chanya boliti ya stata ilifikika kutoka juu, na tukapata volti 0.6.

Nikitazama waya wa athi kwa macho tu, unaonekana mzima. Ganda lake jeusi halijapasuka popote. Je, kweli unaweza kuwa ndio?

Fundi Mstaafu aliandika:

Marahaba, Mwalimu, na nimefurahi kwamba mlipima mara mbili. Toa 5.2 kwenye 11.6, zinabaki volti 6.4, na hapo bado hujatoa zile za upande chanya. Stata haiwezi kuizungusha injini kwa nguvu hiyo. Solenoidi inavutika, ndiyo ile "tak" unayoisikia, lakini mota inabaki imesimama. Mchana shaba iliyopata joto huongeza ukinzani, kwa hiyo njia ambayo asubuhi imefunguka kidogo huziba kabisa baada ya gari kuanikwa juani. Betri yako mpya haina kosa, na naogopa kwamba ile ya zamani nayo huenda haikuwa na kosa. Nafuu uliyoiona kwa siku tatu yamkini ilitokana na vibano kulegezwa na kukazwa upya wakati wa kuibadilisha.

Usiuamini uso wa waya. Pale nyuzi za shaba zinapoingia kwenye kichwa chake, kile tunachokiita lagi, pana uwazi mdogo sana. Unyevu wenye chumvi huingia hapo na kupanda ndani ya ganda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na shaba huota ukijani kwa ndani kwa urefu wa vidole viwili au vitatu huku nje ganda linang'aa. Ushike waya karibu na lagi uupinde taratibu. Ukisikia unakwaruza kama mchanga, basi umeuona ugonjwa wenyewe.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio moja la mwisho. Azima zile nyaya nene ambazo madereva huzitumia kuazimana umeme wa betri. Chukua waya mmoja tu, fungisha upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na upande wa pili kwenye chuma kitupu na kizito cha injini, mbali na mikanda, kisha piga stata. Hapo umeipa stata njia mpya ya kurudishia umeme. Injini ikiwaka papo hapo, hukumu imepita.

Ikiwa hivyo, tengenezesha waya mpya wa shaba wenye unene usiopungua milimita mraba 25, lagi zikiwa zimebanwa kwa mashine na si kwa nyundo. Unapofungua, anza na upande hasi wa betri, na unapofunga, upande huo uwe wa mwisho. Mahali lagi inapokaa kwenye giaboksi pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, boliti ikazwe sawasawa, kisha grisi ipakwe juu baada ya kukaza. Wengi hupaka rangi au grisi nyingi kwanza, halafu wanashangaa kwa nini kiungo hakipitishi umeme vizuri.

Mpita Sabaki aliandika:

Mzee wangu, Mungu akuzidishie umri na afya. Dereva mmoja wa matatu alituazima waya wake jana jioni. Tuliufunga kama ulivyoelekeza, mwanangu akazungusha ufunguo, na injini ikawaka kwa mpigo wa kwanza. Tukaizima na kuiwasha mara tatu zaidi, kila mara ikakubali. Tulipouondoa waya ule, "tak" ikarudi.

Leo asubuhi fundi wa umeme wa Barani amenitengenezea waya mpya. Ule wa zamani tuliupasua kwa kisu kuanzia kwenye lagi ya chini. Sehemu kubwa ya nyuzi ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na zilizobaki nzima zilikuwa chache tu. Kwa nje, nakuapia, ungesema umetoka dukani. Kebo ya gia nayo ameikagua: ganda limelainika mahali pamoja, lakini ndani inateleza vizuri, na amenishauri niiangalie kila mwezi.

Baada ya kazi tulipima tena. Kutoka kichwa hasi hadi injini sasa ni volti 0.15 stata ikipigwa, na injini ikiwa inanguruma betri inapokea volti 14.2. Upande chanya bado unaonyesha 0.6, kama juzi. Je, niuache?

Fundi Mstaafu aliandika:

Alhamdulillahi. Volti 14.2 ni chaji nzuri, na 0.15 ni afya kamili.

Upande chanya usiuache. Volti 0.6 imepita kidogo kile tunachokivumilia. Umri wake ni sawa na wa ule uliooza, na umekaa katika chumvi ile ile. Fundi aufungue, asugue lagi zake mbili na kichwa cha betri, apime tena. Ikibaki juu ya 0.5, aubadilishe. Hakuna haja ya kugusa stata.

Mpita Sabaki aliandika:

Nitampelekea Jumamosi, kwa kuwa wiki hii yote nina vipindi vya asubuhi. Waya wa dereva wa matatu ameniachia hadi siku hiyo, na nimeuweka kwenye buti. Namba mpya nitaziandika hapa hapa tukishapima.